Sababu kwa Maandishi

Barua yenyewe iliandikwa kwenye karatasi iliyochanwa kutoka daftari la Kemia, nyuma yake mkiwa na jedwali la elementi lililoachwa nusu, na ilipenyezwa chini ya mlango wa majilisi kabla ya gwaride la asubuhi. Anwani na tarehe zilikaa upande wa kulia, kama tunavyofundishwa sote kupanga barua rasmi, kisha likafuata neno MINT:, kifupi cha mintarafu, kwa herufi kubwa, na baada yake jambo lenyewe. Mwandishi alikuwa ameondolewa kwenye orodha ya timu ya voliboli bila kuelezwa kosa lake, na kwa mujibu wa kifungu cha 47 cha Katiba ya Kenya aliomba apewe sababu kwa maandishi. Neno "maandishi" lilikuwa limepigiwa mstari mara mbili. Niliisoma nikiwa nimesimama, kikombe cha chai mkononi, na ningependa kusema kwamba nilijawa na fahari ya mwalimu ambaye somo lake limeeleweka. Nilichojawa nacho ni hasira.

Nilianza kufundisha Historia na Serikali mwanzoni mwa mwaka 2023, katika shule mseto ya kutwa upande wa Eastlands, Nairobi, nikiwa nimeajiriwa na bodi ya shule kwa mshahara ambao nikilipa kodi ya nyumba na nauli ya mwezi, kilichobaki kilikuwa cha kuhesabiwa kwa vidole. Nilikuwa na umri wa miaka 24, na wavulana kadhaa wa Kidato cha Nne walikuwa wamenipita kimo. Siku ya pili mwalimu mkuu aliniangalia kutoka kichwani hadi viatuni akasema, "Wewe bado kijana, chukua voliboli ya wasichana." Mara ya mwisho kugusa mpira wa wavu nilikuwa Kidato cha Pili mwenyewe, tena katika timu ya akiba. Hakuuliza, nami sikusema.

Somo la Historia na Serikali lina tabia moja ambayo asiyelifundisha hawezi kuijua: uraia huja mwisho. Katika silabasi ya mfumo wa 8-4-4, mada za uraia, katiba, demokrasia na muundo wa serikali zimepangwa mkiani mwa kila mwaka, baada ya binadamu wa kale, biashara, viwanda na ukoloni, kwa hiyo mara nyingi hufundishwa mbio mbio wiki chache kabla ya mtihani wa muhula wa tatu. Isitoshe, baada ya Kidato cha Pili mwanafunzi aliweza kuliacha somo lote na kuchukua Jiografia au elimu ya dini. Wapo Wakenya wengi ambao mara ya mwisho kufundishwa Katiba yao walikuwa na miaka kumi na mitano, Ijumaa mchana, na mwalimu akitazama saa.

Tabia ya pili ni pointi. Katika karatasi ya kwanza ya KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, sehemu ya A ina alama 25 za maswali mafupi, kisha huja maswali ya insha, ambayo kila moja lina alama 15. Mwanafunzi anataja pointi tatu, kisha anaeleza sita, kila moja kwa alama mbili, basi. Mwaka wangu wa kwanza niliingia darasani nikitaka kuzungumzia usiku wa kabla ya uhuru, kufutwa mwezi Desemba 1991 kwa kifungu cha 2A cha katiba ya zamani, kilichoruhusu chama kimoja tu cha siasa, foleni za kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010, na kila nilipopumua mkono mmoja uliinuka nyuma: "Madam, hizo ni pointi ngapi?" Sikuwalaumu. Walikuwa wamesoma kanuni za mchezo kuliko mimi. Kufikia muhula wa pili nilikuwa nimejifunza kuigawa historia ya nchi katika nambari, moja hadi sita, na matokeo yangu yakapanda, na mwalimu mkuu akanipongeza mbele ya wenzangu.

Kuna siku niliuliza Kidato cha Pili serikali ni nani. Wakajibu bila kusita kwamba serikali ni "wao". Wanafunzi hawa wamelelewa mbele ya taarifa za habari za saa moja usiku, ambapo kila mkasa, uwe wa mafuriko, wa barabara mbovu au wa hospitali isiyo na dawa, humalizikia kwa mzee mmoja akiitazama kamera na kusema "serikali itusaidie", hadi maneno "serikali saidia" yamegeuka kuwa mzaha wa mtaani. Niliwasomea kifungu cha 1, kinachosema kwamba mamlaka yote kuu ni ya watu wa Kenya, na kwamba Bunge, serikali kuu na mahakama wamekabidhiwa tu wayatumie kwa mujibu wa Katiba. Nikawaeleza tena kwa Kiswahili, kwa sababu somo hili hufundishwa kwa Kiingereza ingawa kifungu cha 7 kinasema lugha ya taifa ni Kiswahili, na kwa Kiswahili maneno yale yalionekana kuwashtua zaidi. "Kukabidhiwa" ni neno la nyumbani. Mtu aliyekabidhiwa funguo si mwenye nyumba. Msichana mmoja aliandika hilo pembeni mwa daftari lake, nami nikaendelea na pointi ya tatu.

Sasa uwanja. Uwanja wetu wa voliboli ni kipande cha ardhi kati ya maabara na ukuta wa nyuma, mistari yake ikichorwa kwa majivu kutoka jikoni wanakopikia githeri, wavu wake ukifungwa upande mmoja kwenye nguzo ya chuma na upande wa pili kwenye mjakaranda. Mpira ukipigwa kwa nguvu huvuka ukuta na kuangukia kibandani kwa mama wa mboga, ambaye huurudisha bure mara mbili za kwanza. Mara ya tatu lazima mtu anunue sukuma wiki. Mwaka 2024 muhula wa pili ulifunguliwa tarehe 13 Mei badala ya mwisho wa Aprili kwa sababu ya mafuriko, na wiki ya kwanza majivu yetu yaligeuka uji. Mashindano ya kaunti ndogo yalikuwa yakitusubiri, wiki mbili zilikuwa zimepotea, na mimi nilikuwa nimeamua kwamba safari hii hatutatolewa raundi ya kwanza.

Nilitunga kanuni tatu nikiwa ndani ya matatu ya Jogoo Road. Anayekosa mazoezi mara tatu anatoka. Anayemjibu kocha anazunguka uwanja mara kumi. Orodha ya wachezaji ikishabandikwa mlangoni haijadiliwi. Sikuziandika popote; nilizitangaza siku moja wasichana wakifunga kamba za viatu. Saa nne na dakika arubaini asubuhi nilikuwa nikiandika ubaoni kwamba Montesquieu, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1748, alionya juu ya mamlaka ya kutunga sheria, kuitekeleza na kuhukumu yakikaa mikononi mwa mtu mmoja, na saa kumi jioni nilikuwa nimesimama chini ya mjakaranda na kipyenga shingoni, mimi bunge, mimi serikali, mimi mahakama. Haikuwahi kunipitia akilini kwamba saa hizo mbili zilihusiana.

Voliboli, kwa mtu anayefundisha uraia, ni mchezo wa ajabu. Timu ikiunyakua mpira wa kuanzisha, wachezaji wote sita huzunguka nafasi moja, kwa hiyo hakuna nyota anayeweza kukaa wavuni mechi nzima akisubiri kushangiliwa. Zamu ya kurudi nyuma na kupokea mikwaju itamfikia. Na uwanjani mchezaji mmoja tu, nahodha, ndiye anayeruhusiwa kuzungumza na mwamuzi. Wengine wakiona wameonewa hupeleka kilio kwa nahodha, naye huinua mkono na kuomba maelezo. Niliwafundisha kanuni hiyo kama kanuni ya mchezo tu. Nahodha nilikuwa nimemteua mwenyewe.

Kisha ukaja mwezi Juni. Mswada wa Fedha wa 2024, uliopendekeza kodi mpya, ulikuwa bungeni, na watoto ambao Mei walikuwa hawawezi kutofautisha kusomwa kwa mara ya pili na hatua ya kamati sasa walinisimamisha ukumbini kuniuliza kwa nini umma unaitwa kutoa maoni ikiwa wabunge wanaweza kuyaweka kando. Niliivuta mbele mada ya Kidato cha Tatu kuhusu muundo wa serikali, kwa kuwa ingekuwa upuzi kufundisha ukoloni huku safari ya mswada ikionyeshwa mubashara kwenye simu. Jumanne ya tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia katika majengo ya Bunge, risasi zikafyatuliwa, watu wakafa. Katikati mwa jiji matatu hazikuingia. Jumatano yake rais alitangaza kwamba hatautia saini mswada ule, na darasa langu likataka kujua nini hutokea rais akikataa. Tulifungua kifungu cha 115, nakala nne za Katiba kutoka maktaba zikigawanywa kwa wanafunzi arubaini na mmoja, vichwa kumi vikiinamia kila kitabu. Hakuna aliyeniuliza ni pointi ngapi.

Naibu wa mwalimu mkuu alinishauri, kwa upole, nisome kifungu cha 37 kuhusu haki ya kuandamana kwa amani na bila silaha, kisha nisiongeze neno. Nilifanya hivyo. Lakini mtoto akishajifunza kuuliza mamlaka yanatoka wapi, hutafuta serikali iliyo karibu naye zaidi, na serikali iliyokuwa karibu na wasichana wale kumi na wanne ilivaa koti la michezo na kupiga kipyenga.

Niliyemwondoa alikuwa seta wangu, yaani mchezaji anayewaandalia wenzake mpira wa kushambulia, msichana wa Kidato cha Tatu, mikono yake mizuri kuliko yote niliyowahi kuona katika shule yetu. Alipitisha mpira kwa ncha za vidole bila sauti, kama mtu anayeweka yai mezani. Orodha ya nusu fainali ilipobandikwa Jumatatu, jina lake halikuwemo. Jumanne asubuhi barua ilikuwa chini ya mlango.

Mwalimu wa Hisabati, ambaye amefundisha zaidi ya miaka ishirini na ambaye huniita binti yake, aliisoma akacheka hadi akavua miwani. "Binti yangu," akasema, "ukiwapa watoto hawa Katiba, kesho watakupanda kichwani." Nilikubaliana naye. Wakili angeweza kubisha kutwa kucha kama kocha wa shule anahusika na kifungu cha 47, kinachohusu hatua za kiutawala na kinachompa mtu ambaye hatua hizo zimegusa haki yake haki ya kuelezwa sababu kwa maandishi. Nilijiambia hivyo njiani kuelekea darasani, halafu nikakumbuka kwamba nilikifundisha kifungu hicho wiki moja tu iliyopita, kwa mbwembwe, na kwamba seta wangu alikuwa ameketi dawati la pili.

Nikaamua kumwandikia. Nilidhani ingechukua dakika tano. Rasimu ya kwanza ilisema ameondolewa kwa utovu wa nidhamu, nikaiangalia nikaona kwamba maneno hayo yangeweza kuandikwa kuhusu mtu yeyote, siku yoyote. Rasimu ya pili ilisema amekosa mazoezi mara tatu. Kwa kuwa nilikuwa naandika na wala si kusema, ilinibidi nitaje tarehe, na ili nitaje tarehe nikafungua daftari la mahudhurio: Alhamisi tarehe 6 Juni, Alhamisi tarehe 13 Juni, Jumanne tarehe 25 Juni.

Tarehe 25 Juni. Siku ile wachezaji sita tu ndio walifika uwanjani. Nane hawakuja. Mbele ya majina saba niliandika herufi R, yaani wana ruhusa, kwa sababu hali ya jiji ilieleweka na baadhi ya wazazi walikuwa wamepiga simu kutaka watoto warudi nyumbani mapema. Mbele ya jina la nane niliandika X. Nilikaa na daftari lile muda mrefu nikitafuta kwa nini. Nilijaribu kujiambia kwamba yeye anaishi karibu na shule, lakini wawili kati ya wale saba wanaishi katika ploti moja naye. Kisha nikakumbuka Jumanne ya tarehe 11, nilipomfokea msichana mdogo aliyekuwa akipokea mpira vibaya, na seta wangu akasema, bila ukorofi, timu yote ikisikia, "Madam, ukimpigia kelele hataudaka vizuri zaidi." Wenzake walicheka. Nilimzungusha uwanja mara kumi nikadhani yameisha. Kumbe yalikuwa yakiningoja kwenye daftari, wiki mbili baadaye, katika umbo la herufi moja.

Ningemtamkia sababu zile kwa mdomo, ningesema "mara tatu" na kupita. Sijui ni watu wangapi nimewahi kuwahukumu hivyo, na sasa siwezi kujua, kwa sababu sikuandika.

Niliomba shauri lisikilizwe, na kwa kuwa mlalamikiwa hawezi kuwa hakimu, nikamwomba mwalimu wa Hisabati. Alikubali kwa sharti kwamba lisizidi dakika ishirini, maana ikifika saa kumi na mbili nauli ya kwenda kwao hupanda. Tulikutana Jumatano chini ya mjakaranda, timu nzima ikiwa imeketi kwenye viti vya maabara. Aliniuliza swali moja tu: "Mwalimu, kanuni hii ya mara tatu imeandikwa wapi?" Nikanyamaza. Akamgeukia seta na kumwuliza kuhusu tarehe 6. Alikuwa ameenda kusukwa matuta. Tarehe 13 je? "Nilikuwa nimechoka na kelele za Madam," akasema, akinitazama usoni, na hakimu akaandika hayo kama alivyoyasikia.

Hukumu yake ilikuwa kama hesabu zake, fupi na isiyo na huruma kwa upande wowote. Tarehe 25 inafutwa. Zinabaki mbili, na mbili si tatu, kwa hiyo mchezaji anarudi katika timu. Lakini kusukwa si udhuru, na kuchoka na kelele kuna njia zake za kulalamikiwa, kwa hiyo seti ya kwanza ya nusu fainali ataitazama akiwa benchi. Mimi niliagizwa kuandika kanuni na kuzibandika. Kisha akakimbilia matatu yake.

Ijumaa tukacheza. Seti ya kwanza, bila seta wetu, tulipigwa 25 kwa 11. Ya pili aliingia tukashinda 27 kwa 25, na kwa muda nilisahau kabisa mambo ya sheria. Ya tatu na ya nne tukapoteza, na safari ikaishia hapo, seti tatu kwa moja. Ndani ya basi la kurudi msichana mmoja alisema kwamba haki ndiyo iliyotutoa, na hakuna aliyembishia, hata mimi. Nikiwa mkweli, ningalimrudisha kimyakimya siku ileile ya barua, bila viti vya maabara na bila hakimu, pengine tungalifika fainali. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi kuliko inavyompasa mtu mzima kufikiria mechi ya kaunti ndogo.

Muhula uliofuata tuliandika kanuni pamoja katika daftari la kurasa 32, na wasichana wakampigia kura nahodha kwa vipande vya karatasi vilivyotumbukizwa katika bakuli la githeri. Kura nane kwa sita. Aliyeshinda hakuwa wangu, na kwa wiki kadhaa nilimsikiliza kwa taabu. Yapo mambo ambayo sikuyakabidhi. Taimauti ya voliboli ni sekunde 30, na katika sekunde hizo hakuna ushirikishaji wa umma. Nasema mimi, wanasikiliza, tunarudi uwanjani. Nahodha alitaka hilo nalo lijadiliwe. Tulilijadili, nikakataa, nikamwandikia sababu.

Darasani mabadiliko yalikuwa madogo, na moja linaniuma bado. Katika mtihani wa mwisho wa mwaka niliuliza umuhimu wa mgawanyo wa mamlaka, na seta wangu akaandika, kama pointi yake ya tano, kwamba mtu mwenye mamlaka yote anaweza kumwekea mwenzake alama ya X bila mwenyewe kujua kwa nini. Hiyo haimo katika mwongozo wa kusahihisha. Mtahini wa KCSE asingeipa hata alama moja, na kazi niliyolipwa kuifanya ilikuwa kumwandaa kwa mtahini huyo. Niliinyima alama zote mbili. Pembeni niliandika kwa penseli kwamba ninajua anachosema, kisha nikafuta, kisha nikaandika tena.

Alifanya KCSE mwaka 2025, akaondoka. Mwezi Januari 2026 tulipokea wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10, wa mtaala mpya unaochukua nafasi ya 8-4-4, na wasichana wanane kati yao wamejiunga na timu. Wiki jana nilikuta karatasi nyingine chini ya mlango wa majilisi, safari hii imechapwa kwenye kompyuta za maabara, ikidai kwamba wachezaji wapya wanateka maji na kuchora mistari ya majivu kila siku huku wakubwa wao wakiketi kivulini. Malalamiko yao ni ya kweli, nimewaona. Lakini walitaja kifungu cha 74, ambacho kinahusu kiapo cha maafisa wa serikali. Nimeizungushia nambari hiyo kwa kalamu nyekundu na kuwarudishia, warekebishe waniletee kabla ya Ijumaa. Jibu langu liko tayari kwenye droo.